Mizinga Mia Mbili na Kumi na Nne

Katika ofisi ya ardhi ya wilaya palikuwa na meza ndefu iliyoinama kidogo, imewekwa chini ya dirisha la mashariki ili mwanga wa asubuhi uangukie karatasi bila kivuli cha mkono. Mchora ramani alikaa kwenye meza hiyo miaka thelathini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kunakili. Ramani za ofisi ile zilichorwa zamani, wakati wa utawala wa kigeni, na karatasi huchoka kama watu: hukunjamana, hutafunwa na mende, huloa paa linapovuja. Ramani ikichoka, mchora aliilaza mezani, akatandika juu yake karatasi angavu, akazibana zote mbili kwa vipande vya chuma, kisha akaifuata mistari kwa kalamu ya wino, mto kwa mto na kilima kwa kilima, akizuia pumzi kila alipofika kwenye kona.

Sheria ya kazi alifundishwa siku ya kwanza. Mnakili hachori anachokijua; anachora kilichoko kwenye karatasi. Hata akijua kwamba daraja lilisombwa na maji mwaka juzi, atalichora palepale lilipokuwa, mpaka mpimaji aende akalifute. Sheria hiyo aliishika kuliko wengi wanavyoishika dini.

Karatasi namba kumi na saba ilikuwa ya msitu wa mlimani, kule mito inakoanzia. Katikati ya msitu, kwa herufi kubwa zilizoachanishwa ili zijaze nafasi, mpimaji wa kigeni aliandika maneno mawili: HAKUNA WAKAZI. Mchora alizaliwa chini ya herufi K ya neno la pili. Mama yake alizikwa hapo. Dada yake mkubwa alikuwa akiishi hapo hapo, na mumewe na wajukuu, pamoja na koo nyingine kumi na mbili. Katika ile miaka thelathini na mmoja, mchora aliyanakili maneno hayo mara nne, kwa mwandiko uliosifiwa mpaka makao makuu.

Waliomfahamu husema alikuwa anatimiza wajibu. Ni kweli. Wengi waliotenda dhuluma katika nchi zetu walikuwa wanatimiza wajibu, na wengi wao walikuwa na mwandiko mzuri.

Ofisini hawakumwita kwa jina. Walimwita Asali. Watu wa msituni walijulikana mjini kwa kitu kimoja kizuri, yaani asali, na kwa mambo mengi mabaya ambayo hakuna aliyewahi kuyathibitisha: kwamba hawaogi, kwamba wanalala na nyani, kwamba hawajui kuhesabu zaidi ya vidole. Maneno hayo yaliletwa na wageni waliotawala. Mchora aliyasikia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka saba, alipochukuliwa kupelekwa shule ya bweni ya wamisionari, akanyolewa, nguo zake zikachomwa moto, akaambiwa kwamba lugha ya kwao inafaa kuitia mbwa. Walimu wale waliondoka zamani. Maneno yalibaki, na sasa yalisemwa na watu wenye ngozi kama yake, waliokaa naye ofisi moja na kuimba naye wimbo mmoja wa taifa.

Chai ya saa nne ililetwa na tarishi kwenye sinia. Vikombe tisa vilikuwa vya udongo, kimoja cha bati. Cha bati kilikuwa chake.

"Asali, chai yako sijaitia sukari," tarishi alipenda kusema. "Si unayo mwenyewe?"

"Nimeiacha nyumbani leo."

"Nyumbani juu ya mti?"

Ofisi nzima ilicheka, na yeye alicheka nao. Alikunywa chai yake chungu, akaosha kikombe chake mwenyewe. Wakati mwingine mtu hucheka ili apate kuishi. Lakini kicheko kile kilimfundisha kitu kibaya: alizoea kunyamaza, na mazoea yale yakaja kuonekana kama tabia njema.

Katika mwaka wake wa kumi kazini, akitafuta kipimo kilichofutika, alifungua kabati la nyuma na kukuta madaftari ya yule mpimaji aliyechora karatasi namba kumi na saba. Alisoma kwa shida, maana mwandiko ulikuwa wa haraka. Mpimaji alieleza jinsi alivyokaa msituni siku tisa. Siku ya tano aliandika kwamba wenyeji walimletea asali kwenye jani, tamu kuliko yoyote aliyowahi kuonja, na kwamba wazee wao walimwonyesha kisima. Siku ya tisa alifunga hema, akachukua kalamu, akaandika kwamba hakuna wakazi. Aliwaona. Alikula kwao. Hakuwahesabu kuwa watu.

Mchora alilisoma ukurasa huo akiwa amesimama, akalirudisha daftari kabatini, akarudi mezani kwake. Hakumwambia mtu yeyote. Miaka kumi na tatu baadaye, kompyuta zilipoletwa, kabati lile lilisafishwa na madaftari yakapewa wauza karanga wafungie. Aliona yakibebwa. Alikuwa na kazi nyingi siku hiyo.

Ni lazima kueleza kidogo kazi ya watu wa kwao, kwa sababu bila hiyo mengine hayaeleweki.

Wao ni warina asali. Mzinga wao ni gogo lililotobolewa kati, linatundikwa juu kabisa ya mti mkubwa, na kila ukoo una miti yake. Mzinga hauna kufuli wala mlinzi. Unalindwa kwa jambo moja tu: mgeni asijue uliko. Kwa hiyo tangu utotoni mtu wa msituni hufundishwa kutoonyesha. Mgeni atapewa asali mpaka akinai, lakini akiuliza imetoka mti gani, wenyeji watamwangalia kwa huruma, kama mtu aliyelelewa vibaya. Hata mkwe hangoji kidogo. Shemeji yake mchora, mume wa dada yake, alikuwa na utani wake juu ya hilo: "Mke nilipewa kwa siku moja. Mizinga ya mama mkwe nimeisubiri miaka sita, na hata hapo nilionyeshwa nikiwa nina homa, labda walidhani nitakufa."

Desturi hiyo iliwalinda na wezi kwa vizazi. Haikuwalinda na karani. Kila aliyetumwa kuja kuandika kilicho chao, katika serikali ya kigeni na katika serikali yetu, alionyeshwa vibanda vichache na migomba, akarudi kuandika kwamba msitu hautumiki.

Kisha ukaja mradi wa maji. Mji ulikuwa umekua, mabomba yalikauka, na wafadhili kutoka ng'ambo walikubali kujenga mtambo na kulinda chanzo cha maji, yaani msitu wa mlimani. Mradi ulipewa vyumba viwili mwishoni mwa ukumbi wa ofisi ya ardhi, ukaleta viti vya kuzunguka na mashine ya kupoza hewa. Mkuu wake alikuwa mtaalamu wa kigeni, mama wa makamo, mpole, aliyejifunza kusalimia kwa lugha yetu na kusalimia kila mtu, hata tarishi. Chini yake alikuwa afisa mradi, kijana wa hapa hapa nchini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

Katika mkutano wa kwanza mtaalamu alieleza kwamba sheria ya wafadhili inataka kila anayeutumia msitu aandikwe. "Asiyeonekana kwenye takwimu hawezi kulindwa," alisema. Maneno hayo yalimchoma mchora, aliyeitwa mkutanoni ili kushika ramani.

Afisa mradi alicheka. "Mama, wale watu hata umri wao hawaujui. Watatuonyesha nini?" Kisha akageuka. "Samahani, Asali, sikusemi wewe. Wewe umeshastaarabika."

Mchora hakucheka safari hii. Aliomba ruhusa ya kuzungumza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ukumbi ule, akasema kwamba akipewa kifaa cha kupimia cha mkononi na majuma mawili, ataleta ramani ya mizinga yote, mmoja mmoja, na jina la mwenyewe. Mtaalamu alisimama akampa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza mkuu yeyote kufanya hivyo.

Jumamosi ya juma lilelile alipanda mlimani. Dada yake alikuwa uani akichuja nta kwenye kitambaa. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hiyo, mdogo wangu, unataka niwaonyeshe wageni mizinga ya mama."

"Si wageni, dada. Mimi ndiye nitakayechora."

"Karatasi yenyewe itakaa wapi?"

"Ofisini."

"Kwa nani?"

"Kwa mradi."

"Basi ni wageni."

Shemeji, aliyekuwa akichonga mfuniko wa mzinga mlangoni, aliingilia. "Mpe mwenzio nafasi aseme, mama watoto. Miaka yote hii tumejigamba kwamba tuna msomi, leo anataka kutulipa."

"Dada, kwenye ramani yao hampo," mchora alisema. "Nimeiona kwa macho yangu. Imeandikwa hakuna wakazi. Wakijenga, watajenga kama hakuna mtu."

Dada aliinua macho. "Nani aliandika hivyo?"

"Mzungu mmoja. Zamani sana."

Hapo alisema kweli na akaificha kweli. Hakumwambia kwamba maandishi yanayosomwa leo ni ya mkono wake. Sitamtetea. Mtu akimwomba ndugu yake avunje mwiko wa vizazi, anapaswa kwanza kumwambia yeye mwenyewe amefanya nini.

"Tukiwaonyesha wakatudhuru?" dada aliuliza.

"Wakiwadhuru kwa ramani yangu, nitaikunja niile mbele yao."

"Na chumvi au bila?" shemeji aliuliza, wakacheka wote watatu, na kwa kicheko hicho neno likawa limekubaliwa.

Walitembea siku kumi na moja. Dada alitangulia na panga, mchora nyuma na kifaa shingoni na daftari limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Siku ya kwanza dada hakuweza kunyoosha kidole. Walipofika chini ya mti alisimama tu, akatazama upande mwingine, akajifanya anatoa mwiba mguuni. Mchora alitazama juu, akauona mzinga, akapima.

"Mimi sijakuonyesha," alisema dada. "Umeuona mwenyewe."

"Nimeuona mwenyewe."

Ndivyo walivyokwenda. Kufikia siku ya nne dada alianza kutaja majina: huu aliutundika babu yao mdogo kabla ya kuvunjika mguu, huu ulihamwa na nyuki mwaka wa njaa wakarudi, huu ni wa mjane wa ng'ambo ya mto, usiuandike na wa shemeji zake, watagombana. Koo nyingine ziliposikia kwamba binti wa marehemu yule ameonyesha, nazo zikaonyesha, kwa sababu mama yao aliheshimiwa. Siku ya kumi na moja mzinga wa mwisho ulipata namba mia mbili na kumi na nne.

Ramani aliichora kwa majuma sita, kwa mkono, ingawa kompyuta ilikuwepo. Kila mzinga ulikuwa nukta ya wino na namba yake. Vijia ambavyo havijawahi kuandikwa popote alivichora kwa mistari ya kukatika. Pembeni aliweka orodha ya koo kumi na tatu na miti yao. Kwa mara ya kwanza maishani alichora anachokijua. Waliomwona siku zile wanasema alionekana kijana, na kwamba saa nne alikuwa akimwambia tarishi, "Weka hapo, nina kazi," bila kugeuza shingo.

Mtaalamu alipoiona alitoa miwani akafuta macho. Iliwekwa kwenye fremu, ikatundikwa katika chumba cha mikutano. Afisa mradi naye alimpigia makofi.

Miezi minne ikapita. Asubuhi moja mchora alikuta watu wamekusanyika kwenye ubao wa matangazo. Tangazo lilikuwa na muhuri wa serikali na nembo ya mradi, na kichwa chake kilisema: Orodha ya uvamizi ndani ya msitu wa hifadhi. Chini yake zilifuata namba, moja mpaka mia mbili na kumi na nne, na mbele ya kila namba jina la mti na la mwenye mzinga, kama alivyoyaandika. Waliotajwa walipewa siku thelathini kuondoka.

Aliingia kwa afisa mradi bila kubisha hodi.

"Kijana, pale pameandikwa wavamizi."

"Shikamoo, mzee. Ndiyo, pameandikwa."

"Wale ni wenyeji. Wamekuwepo kabla mji huu haujawa hata kibanda."

Afisa hakukasirika. Alivuta bomba la karatasi, akaifungua namba kumi na saba mezani, nakala ya nne, safi kabisa. "Hii ndiyo ramani ya msingi. Inasema hakuna wakazi. Ile yako inaonyesha watu. Kwa hiyo wameingia hapo katikati. Sheria inasema aliyeingia baada ya mpaka kuwekwa ni mvamizi. Tatizo letu siku zote lilikuwa ushahidi. Tulijua wamo, hatukujua wako wapi. Wewe umetusaidia sana."

"Ramani ya msingi ina kosa."

"Nani aliichora hii nakala?" Afisa aliweka kidole kwenye kona ya chini, palipo na herufi mbili ndogo za mnakili. "Si wewe?"

"Nilinakili tu."

"Umenakili mara nne, mzee wangu. Mara zote nne hukuandika hata mstari mmoja kusema kuna kosa. Hakimu akiniuliza kwa nini, nimwambie nini?"

Swali lile lilitoka kinywani mwa mtu asiyestahili kuliuliza, lakini lilikuwa swali la haki. Mchora alitaja daftari la mpimaji, asali kwenye jani, kisima.

"Liko wapi?"

Mchora aligeuka, akatoka.

Alikwenda kwa mtaalamu. Mtaalamu alimkaribisha kiti, akamsikiliza, na uso wake ulionyesha huzuni ya kweli. Alisema kwamba mradi hauna mamlaka juu ya mipaka ya serikali. Alisema kwamba mpaka ule waliukuta. Aliyeuchora mpaka alikuwa babu wa watu wa kwao, alikuja kwa meli ya kwao na kwa amri ya mfalme wao, lakini hilo halikumjia akilini, na mchora, aliyefundishwa adabu na wamisionari, hakumkumbusha. Mtaalamu aliahidi kwamba watakaohamishwa watapewa nyumba za bati na kisima cha pampu. Alisema pia kwamba wangeliandikwa mapema zaidi, mambo yangekuwa tofauti.

Siku ya thelathini na moja, saa moja asubuhi, askari wa misitu waliingia mlimani kwa makundi matatu. Kila kiongozi wa kundi alikuwa na nakala ya ramani imetiwa plastiki. Walianza na mzinga namba moja. Mmoja alipanda, akakata kamba, gogo likaanguka na kupasuka, likamwagiwa mafuta ya taa na kuwashwa. Kiongozi akatia alama ya mkasi kwenye nukta, wakaenda kwenye namba mbili. Kazi ambayo ingewachukua mwaka kuitafuta waliimaliza kwa siku mbili na nusu. Nyuki waliokosa pa kutua waliwajaa watu kwenye malori ya kuhamia, na watoto wawili wadogo walivimba nyuso mpaka hawakufungua macho siku nzima.

Kiongozi mmoja wa askari, mtu asiye na chuki, alimwambia shemeji wakati anapakia sufuria zake: "Mchoraji wenu ni fundi hasa. Hatujapotea hata mara moja." Kisha akamwonyesha kwenye karatasi nyingine, ya msitu mzima, ile kona ya chini. "Na hii pia ni yake. Tazama, herufi zilezile."

Shemeji hakujua kusoma, lakini alijua kulinganisha alama. Alimwita mkewe. Dada alizitazama zile herufi kwenye karatasi mbili, ya mizinga na ya hakuna wakazi, akauliza tu ile iliyoandikwa hakuna wakazi ni ya tarehe gani. Askari akamsomea. Ilikuwa ya mwaka mmoja kabla ya mradi kuja.

Juma lile mchora alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe: alikwenda kusema uongo. Kesi ya kuhalalisha uhamisho ilikuwa bado haijasomwa mahakamani, na alidhani kwamba ushahidi ukianguka, watu wanaweza kurudishwa, hata kama mizinga ni majivu. Mizinga huchongwa upya. Alivaa koti lake la pekee, akaingia chumba cha mikutano walipokuwa wamekaa wote, akasimama chini ya ramani yake.

"Nimekuja kukiri," alisema. "Ramani hii niliitunga. Sikutembea msituni. Namba zote nilizibuni nyumbani ili nipate sifa. Niko tayari kula kiapo."

Mtaalamu alimtazama afisa. Afisa akampigia simu kiongozi wa askari, akamwuliza mbele ya wote, sauti ikitoka kwenye spika.

"Mizinga mlikuta mingapi?"

"Mia mbili na kumi na nne."

"Kwenye ramani imo mingapi?"

"Mia mbili na kumi na nne, afande. Mmoja tu ulikuwa umepotoka, hatua tano kama hivi. Na huo tuliona mti wenyewe umeanguka."

Afisa alikata simu. "Mzee," alisema, karibu kwa upole, "katika nchi hii hakuna ramani ya kweli kuliko hii yako. Nenda nyumbani ukapumzike."

Mchora alinyanyua mikono kuishusha fremu ukutani. Tarishi, aliyekuwa akigawa chai, akamshika viwiko kutoka nyuma. "Acha, Asali, acha, utajikata na kioo," alimnong'oneza, akamtoa nje taratibu kama anavyotolewa mgonjwa. Kesi ilisomwa juma lililofuata na kuisha kwa dakika ishirini. Ramani ilichapishwa kwenye jalada la ripoti ya mradi. Mjini maji yakaanza kutoka, na watu wakashukuru, nami nilikuwa mmoja wao. Nilifungua bomba, nikakinga ndoo, sikuuliza maji yanatoka wapi.

Mchora alistaafu mwisho wa mwaka. Alikaa miezi mitatu kabla hajapiga moyo konde kwenda kwenye makazi mapya. Ni uwanda usio na mti, nyumba za bati zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, kila moja na namba mlangoni. Alipotokea tu kwenye njia, wanawake waliokuwa pampuni walinyamaza, na mmoja akawaita watoto waingie ndani. Hakuna aliyemtukana. Shemeji alikuwa amekaa ukutani, mikono mitupu, akampa salamu fupi na kutazama kando. Hakuwa na utani.

Dada alitoka akasimama mlangoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alipiga hatua ili aingie, kama alivyoingia kwake maisha yote. Dada hakusogea.

"Ukae hapo nje," alisema. "Ukiingia utaona tulicho nacho."

Alimletea kibao cha kukalia na maji kwenye kikombe. Mchora alikaa. Akataka kusema, akaanza na mwaka aliokuta daftari, akapotea, akaanza upya na sheria ya kunakili. Dada alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua.

"Ulipoandika ile ya mwisho," alimkatiza, "ya hakuna wakazi. Mimi si nilikuwa nimetoka kwako juma lile? Nilikuletea asali ya mtoto wako aliyekuwa anakohoa."

"Ndiyo."

"Ukaila, ukaenda kazini, ukaandika."

"Ndiyo, dada."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeuliza bei na kujibiwa. Mchora aliuliza kama watoto waliovimba walipona.

"Wapo."

"Na wajukuu, sasa wamefika wangapi?"

"Wapo," alisema dada.

Mchora hakumwuliza tena. Alikunywa maji, akakiweka kikombe chini kando ya kibao, akaaga. Waliitikia wote wawili kwa adabu, kama wanavyomwitikia yeyote anayepita, na hakuna aliyemwuliza atarudi lini.